Hapa Hatupigi Mtu

Mwaka wangu wa kwanza kufundisha chekechea mjini Juba, nilikuwa na msichana wa miaka mitano aliyewapiga wenzake kila siku. Aliwapiga kwa vibao vya kuchezea, akawarushia mchanga machoni, na mimi mwenyewe alinikwaruza shingo hadi damu ikatoka. Mama yake, muuza mboga wa soko la Konyo Konyo, hakuzungusha maneno.

"Ticha, baba yake alipigwa mbele yake mpaka akafa. Huyu anajua hiyo tu."

Wazazi wengine walitaka afukuzwe. Nilikataa. Kila alipompiga mtu nilichuchumaa, nikamshika mikono yote miwili, nikamwambia kwa Kiswahili na kwa Kiarabu cha Juba: "Hapa hatupigi mtu. Mata dugu." Alinitemea mate. Kesho yake nilirudia.

Asubuhi moja, wakati wa uji, risasi zilianza kulia upande wa Thongpiny, kisha zikasogea hadi mtaani kwetu Hai Cinema. Sikuhitaji kuwaambia watoto walale chini. Walikuwa wamekwisha kulala, vikombe vimepinduka, uji umetapakaa sakafuni. Hakuna aliyelia, na hilo liliniuma kuliko milio yenyewe. Risasi moja ikatoboa bati juu yetu.

Kisha nikasikia mlinzi akipiga yowe langoni. Mlango ukafunguka kwa teke, akaingia mwanamume mwenye bunduki, shati limelowa damu.

"Telefon wen?" aliuliza.

Nilichelewa kuitoa simu. Alinipiga mdomoni kwa kitako cha bunduki. Nilianguka katikati ya watoto, nikameza damu yangu, na nilipoinua macho alikuwa ameinua bunduki anipige tena.

Yule msichana akasimama. Alijiweka kati yetu, uji ukimchuruzika magotini, akapaza sauti:

"Mata dugu! Hapa hatupigi mtu!"

Nilimvuta gauni, hakusogea. Nilijua atamuua. Mwanamume alimtazama, na sikuona huruma usoni pake, ila mshangao. Halafu akateremsha bunduki, akaokota simu iliyokuwa imeniponyoka, akaenda zake.

Milio ilinyamaza alasiri. Mlinzi tulimkuta hai, kichwa kimepasuka. Mama alipofika nilimweleza alichofanya binti yake. Alimzaba kofi, kisha akamkumbatia, wakaketi chini pale pale penye uji, mama akilia.

"Angekuua!"

"Alikuwa anampiga ticha yangu," mtoto alijibu.

Kaka yangu alinitafuta kutoka Nakuru kupitia simu ya jirani. Alitaka nirudi nyumbani mara moja.

"Unapata nini huko cha kufia?" aliuliza.

Nilikuwa na nyuzi mdomoni, kusema ni shida. Nilimjibu tu kwamba nina darasa. Alikasirika, akakata simu.

Shule ilipofunguliwa tena, viti vingi vilikuwa vitupu. Watoto wengine walikuwa wamevushwa mpaka kwenda Uganda, wengine hatukujua waliko. Msichana alikuja. Alinijia moja kwa moja, akanyoosha kidole, akaugusa mdomo wangu pale paliposhonwa, polepole, kama anayeogopa kuniamsha. Sikuwahi kumwona akimgusa mtu namna ile.

"Inauma?" aliuliza.

"Kidogo."

Akaketi karibu yangu, akasogeza kiti chake hadi kikagusana na changu.