Chupa ya Dobi

Dobi alikuwa na ugonjwa mmoja usio na dawa: usafi. Hata akikaribishwa kwa watu, kijiko alikipangusa kwanza kwa pindo la gauni. Kwa hiyo alipoambiwa mkojo wake umeonyesha protini, alijiona kama aliyetukanwa.

Alikuwa amekuja kupimwa ili ampe mdogo wake figo moja. Mdogo wake huyo, fundi saa, miguu ilimvimba hadi viatu vikamkataa, na alikuwa akiishi kwa mashine ya kusafisha damu.

"Figo linachuja damu," daktari alimweleza. "Protini kubwa zinabaki, ndogo zinapenya. Kwenye vimirija vya figo kuna seli zinazozidaka hizo ndogo, zinazimeza, zinazivunjavunja, vipande vinarudi kwenye damu. Seli zako huenda zimezembea."

"Samahani, daktari. Kama zinahitajika, kwa nini ziachwe zipite?"

"Ndivyo mwili ulivyo, mama."

Jibu hilo halikumwingia. Kazini kwake, kifungo kikiponyoka kwenye chujio la karo, alitia mkono mferejini akakitoa. Hakuwahi kukiponda kwanza. Alikaa kwenye benchi la korido kichwa kikimzunguka. Mwili haumuumi, kazi anapiga, chakula kinapita, iweje avuje?

Kilichomchanganya zaidi ni kwamba moyo wake ulikuwa umetua. Kisu kilimtisha, na hakuwa amemwambia mtu. Sasa, kwa figo linalovuja, hatapasuliwa, wala hakuna wa kumlaumu. Alifurahi, akaona aibu, akafurahi tena.

"Usijali, dada," alisema mdogo wake, aliyeketi naye kwenye benchi. "Umejaribu. Sasa ujitunze na wewe."

Nesi akatokea, kichupa mkononi, anakinusa. "Mama, hiki tulichokupa jana uende nacho nyumbani, hukukiosha kwa dawa? Maana dawa nyingine zinadanganya kipimo."

Alikiosha, tena sana. Angempaje mtu chombo hivi hivi? Alikiloweka kwenye dawa ya madoa mpaka asubuhi, kama shuka la wageni.

Alimtazama nesi, akaitazama miguu ya mdogo wake. Akisema hapana, mambo yameishia hapo, anarudi kwenye karo lake. Hakujua anataka kusema au kunyamaza.

"Nilikiosha," alisema. "Nipe kingine. Hicho kipya sikioshi hata kwa maji."

Fundi saa alimshika mkono, akamtazama usoni.

"Dada, unaogopa?"

"Sana," alisema, akachukua kichupa kipya na kuuliza choo kiko wapi.