Jua la Pembeni mwa Macho

Watu wengi pale shambani walidhani nina dharau. Ukinisalimia natazama sikio lako, au bega, au mti ulio nyuma yako. Mwanamke mmoja wa Singida, niliyechambua naye kahawa meza moja, alininunia msimu mzima kabla ya kuniuliza, "Kwani mimi nimekukosea nini, mama, mbona hunitazami?" Nikamweleza. Katikati ya macho yangu pana doa, na chochote ninachokikazia macho kinaingia humo na kupotea. Ili nikione kitu, lazima nijifanye sikitazami. Alicheka mpaka akashika meza, kisha akasema afadhali angekuwa na doa hilo yeye, angepumzika kumwona mumewe.

Doa hilo nilijitakia mwenyewe. Nilikuwa darasa la tano, kwetu Mbulu, jua lilipopatwa. Wazee walitwambia tukae ndani. Sisi tulijiona tunajua zaidi, kwa sababu nyumbani kulikuwa na picha ya eksirei ya mguu wa kaka yangu, aliyevunjika alipoangushwa na punda, na shuleni tulisikia kwamba jua halimdhuru anayelitazama kupitia eksirei. Wenzangu walipanga foleni nyuma ya zizi, kila mmoja akihesabiwa mpaka kumi. Mimi mwenye picha sikuhesabiwa. Nilitazama nilivyotaka, nikaona mfupa wa kaka yangu na weupe mkali nyuma yake, basi. Jioni, kila nilipotupia macho palikuwa na shimo jeusi. Mama alilia. Mimi nilikasirika. Nilikuwa nimetoa macho yangu kwa ajili ya jua lile, na hata sikuliona likimegwa.

Hasira hiyo nimekaa nayo miaka na miaka, na sioni haya kusema. Kwa hiyo redio ilipotangaza kwamba jua litapatwa tena, safari hii saa za kazi, katikati ya msimu wa kahawa, nilikuwa wa kwanza kugomba. Nilizunguka meza zote nikiapa kwamba atakayeinua uso juu nitamzaba kofi.

"Na kwenye beseni la maji?" waliniuliza.

"Hapana."

"Miwani ya jua?"

"Hapana!"

"Basi eksirei."

Hapo mwanamke wa Singida alijibu kwa niaba yangu: "Mwulizeni huyu anayesalimiana na miti."

Lakini nilitaka kuliona. Nililitaka sana, na hilo sikumwambia mtu ila binti yangu, anayepiga picha za harusi Karatu mjini. Siku yenyewe alikuja shambani na kamera, stendi yake ya miguu mitatu, kioo cheusi cha kufunika lenzi, na miwani ya karatasi aliyopewa na mtalii mmoja aliyekuwa akielekea kreta kutazama wanyama. "Mama, leo unaliona," alisema. "Hii ni salama, nimeulizia mpaka watu wamenichoka."

Ukungu wa kule msituni ulikawia kuondoka, nikaanza kukata tamaa. Saa tano jua likatoka. Binti yangu alipiga magoti nyuma ya kamera, akawa anabofya na kushangilia peke yake. Nikavaa miwani. Kwanza giza tupu, kisha kitu kidogo cha rangi ya chungwa, na mara nilipokikazia macho kikaingia kwenye doa. Nikatazama pembeni, nikaona rangi isiyo na umbo. Nilijaribu mpaka shingo ikauma. Binti yangu akanionyesha jua kwenye skrini ya kamera, nalo likapotea vilevile.

"Nitaikuza hii picha, mama, nikuchapie kubwa."

Nikamwambia sitaki, majua ya picha hata kwenye kalenda yamo. Nilimwonea. Nilijuta papo hapo, lakini nikarudi mezani kwangu. Kahawa haihitaji macho sana, vidole vinaijua punje mbovu.

Ndipo akaja mwanamke wa Singida kutoka ghalani. Nilikuwa nimemtisha kiasi kwamba alikuwa amejitwisha chekeche kubwa la bati, lile la kupangia kahawa kwa ukubwa, lenye mamia ya matundu ya duara, ili jua lisimpate. Alisimama kando ya turubai jeupe lililotandikwa karibu na meza, akaliinua chekeche kwa mikono miwili apate kuniona vizuri na kunitania.

"Haya, umeshakutana na jua lako?" Kisha akatupia macho turubai. "Mama. Tazama chini."

Kila tundu lilikuwa limetupa jua lake juu ya turubai, na kila jua lilikuwa limemegwa, kama kucha zilizokatwa. Mamia. Nilikazia macho moja, likapotea kama nilivyozoea. Lakini kushoto kwake yalikuwapo mengine, na kulia, na juu, na chini, turubai zima, yote yamemegwa upande uleule. Hayakuwa makali. Kwa mara ya kwanza sikuhitaji kujifanya sitazami. Nilipiga magoti nikalia mbele ya watu wote, kwa furaha, na sikujali.

Binti yangu aliiacha kamera peke yake, akaja kuchutama karibu yangu. "Unaona, mama?"

"Ninaona. Usinizibie."

Chekeche lile ni zito, na ukilishusha kidogo, vile vipande vya jua vinageuka kuwa matundu ya kawaida. Ilibidi liinuliwe juu kabisa ya kichwa. Mikono ya mwanamke wa Singida ilipochoka, mwenzetu wa Dodoma alimpokea, kisha mwingine, kisha mwingine. Msimamizi alikuja kuuliza kwa nini kazi imesimama. Wakamwambia ashike upande mmoja, akashika. Polepole vile vipande vilinenepa, na baada ya zaidi ya saa nzima vikawa miduara kamili.

Jua lilikuwa limerudi zima, wala hapakuwa na cha kutazama tena. Mikono yao bado ilikuwa juu. Walikuwa wanasubiri niseme nimetosheka.