Springi za Mpima Macho

Ukimuuliza mpima macho mwenyewe kisa hiki kilianzia wapi, atakwambia kilianzia kichwani mwake, upande ule ambao nywele zilikuwa zimekwisha hama. Alikuwa na miaka hamsini na mmoja, duka la miwani lenye viti vinne vya kungojea, na mke aliyekuwa akiendesha gari la wagonjwa kwa mwaka wa kumi na tisa. Ndipo aliponunua gari la mbio: mkono wa pili, milango miwili, limelala chini kama paka anayevizia, la rangi ya machungwa ambayo mkewe alisema hata wateja wenye mtoto wa jicho wataiona.

Siku ya kwanza alimpandisha mkewe wakazunguka mitaa miwili. Mama huyo hakusifu injini wala viti. Aliinamisha kichwa tu, kama mtu anayesikiliza kifua cha mgonjwa.

"Mume wangu, nyuma kushoto kuna kitu kimelegea. Lipeleke kwa fundi alikague."

"Mke wangu, hili si gari la wagonjwa," akajibu mpima macho. "Magari ya namna hii yana tabia zake."

Tabia zenyewe alizijua wiki iliyofuata. Mvua ilikuwa imenyesha. Alipofika kwenye mzunguko ulio mbele ya duka lake alikanyaga mafuta kidogo tu, na hilo "kidogo" ni neno lake, makalio ya gari yakateleza na kumpita. Alipotulia alikuwa anatazama kule alikotoka, injini imezimika, wipa zinampigia makofi. Barazani pa duka walisimama wateja wawili aliowapimia macho yeye mwenyewe, na walikuwa wameona kila kitu.

"Hapo," husema, "nilijutia ubora wa kazi yangu."

Mtu mwingine angepunguza mwendo. Yeye aliamua kwamba kosa ni la gari, na dawa ni kubadilisha springi na shokapu za nyuma, yale mabomba yanayolituliza gari lisirukeruke. Kwa wiki tatu alisoma mitandaoni kati ya mteja na mteja. Alijaza daftari zima. Mezani akawa anamhadithia mkewe jinsi uzito unavyohama kutoka gurudumu hadi gurudumu kwenye kona. Mkewe, ambaye mchana huo alikuwa amempitisha mama mwenye uchungu wa kuzaa kwenye barabara ya mashimo, akaendelea kula. Kumuuliza swali hata moja hakukumpitikia mumewe. Alikuwa na kisima uani, akaenda kuomba maji mtaa wa pili.

Mwishoni zilibaki aina tatu. Muuzaji aliziita laini "za starehe", za kati "za kila siku", na ngumu "za mashindano". Sasa niambie, mwanamume mwenye upara na gari la machungwa ataagiza za starehe? Aliagiza ngumu. Tena shokapu zake zilikuwa na kitasa cha kurekebisha ugumu, chenye hatua thelathini na mbili. Hakujua hata hatua ya kwanza inafanya nini, lakini thelathini na mbili ilimjaa kinywani.

Fundi wake alikuwa mama mmoja mfupi, mkimya, aliyejulikana mtaa mzima kama Bi Spana. Hata miwani aliyovaa ilitoka dukani kwa mpima macho.

"Nikague kwanza?" akauliza.

"Funga tu, Bi Spana. Nimeshafanya utafiti."

Punde sauti ikatoka chini ya gari. "Bushi ya nyuma kushoto imekwisha, ndiyo maana gurudumu limelegea. Tazama, mpira umechanika."

"Hicho ni kitu kidogo. Tutakiona baadaye."

"Haya. Mteja ni mfalme," akasema Bi Spana, kwa sauti ya mtu aliyeona wafalme wengi wakipinduliwa.

Abiria wa kwanza wa springi ngumu alikuwa mama mkwe, aliyekuwa na miadi ya kutazamwa goti. Kila tuta liliwapanda uti wa mgongo hadi kisogoni. Mama mkwe ni mtu wa heshima, hakulalamika. Alivua meno yake ya bandia, akayafunga kwenye leso, akayatia mkobani. Walipofika akayarudisha mdomoni ndipo akasema.

"Mwanangu, goti limepona. Sasa vinauma vingine vyote. Kurudi nitarudi na mtu mwingine."

Jioni ileile mpima macho alikuwa gereji. "Bi Spana, zungusha hivyo vitasa. Tutafute hatua inayonifaa."

"Sawa," akasema fundi. "Ila dukani kwako huwa unaniuliza, 'Hivi, au hivi?' Leo nauliza mimi. Kaa hapo mbele, usigeuke."

Akaenda nyuma, akainama, pakasikika ka-ka-ka. Mpima macho akazunguka mtaa, akarudi. Afadhali kidogo, akasema. Ka-ka-ka tena. Sasa nyuma imenyooka, akasema. Mara ya tatu alirudi meno yote nje.

"Hapo hapo! Usiguse tena! Limeshika barabara kama kupe!"

Bi Spana akafuta mikono taratibu. "Sijagusa kitu, tangu mwanzo. Nilikuwa nagonga spana kwenye rimu."

Kilichomuuma si kudanganywa, ni kwamba mchezo ule aliujua. Akipata mteja mbishi, naye humrudishia kioo kilekile, mteja akaruka, "Ah, hiki ndicho!" Ni mara ngapi aliwacheka na mkewe! Akaketi juu ya tairi chakavu, akajicheka mpaka machozi yakamtoka.

"Ile bushi," akasema alipopata pumzi, "ulisema ni ya wapi?"

Bushi zikabadilishwa pande zote mbili. Ikabaki kuchagua springi upya, na safari hii mpima macho akanywea. "Nichagulie wewe."

"Gari ni lako. Unakwenda nalo wapi?"

"Kazini."

"Na wapi tena?"

"Kumpeleka mama mkwe. Akikubali."

"Kwa mwendo gani?"

Akafikiri kwa uaminifu. "Wa mama mkwe."

"Basi za kati," akasema Bi Spana. "Na hizo nazo nakustahi tu."

Jumamosi mkewe akaomba funguo. Akalitoa hadi barabara ya nje ya mji yenye kona za kufuatana, akazipita kwa mwendo ambao mumewe hajawahi kuuona kwenye dashibodi, huku akimweleza habari za bomba la jikoni linalovuja. Mumewe alishika mlango kwa mikono miwili. Bomba lenyewe hakusikia linavuja wapi.

"Sasa liko sawa," akasema mkewe alipoegesha, na funguo akazitia kwenye mkoba wake.

Siku hizi mama mkwe huliulizia gari la machungwa yeye mwenyewe, mradi anayeendesha ni binti yake. Mpima macho hukaa kiti cha nyuma, kilichotengenezwa kwa ajili ya mikoba, magoti yakimgusa kidevu. Anaapa kwamba springi za kati unazihisi vizuri zaidi ukiwa pale. Hakuna aliyejitolea kwenda kuhakikisha.