Niliambiwa ning'arishe picha ya kava, nikang'arisha meno ya mtoto wa watu

Wakuu, hamjambo humu ndani. Hili jambo limenikaa rohoni tangu Ijumaa, afadhali nilitoe. Ni kweli tupu, sijatia chumvi.

Mimi ni designer, nina kaduka ka kuprint hapa Voi. Kadi za harusi, programu za mazishi, banner za harambee. Kava ya gazeti la shule sikuwa nimewahi kufanya, kwa hivyo nilipoipata nilijiona nimefika.

Kazi ilitoka kwa Mwalimu Mghoi, anayesimamia klabu ya uandishi kwenye shule moja upande wa Marungu. Kurasa za ndani walizichapa wenyewe shuleni. Mimi nilipewa kava tu.

Akanitumia picha ya msichana wa Form Three, Wakesho, anacheka mdomo wazi kabisa. Na voice note: "Hiyo picha imetoka na giza kidogo. Ing'arishe tu, ndugu yangu."

Kwa wasiojua huku kwetu: maji ya borehole huwa na madini yanayoacha meno ya watoto na rangi ya kahawia. Hata upige mswaki mpaka mkono uchoke, hayatoki.

Wakesho anayo. Mimi pia ninayo, maana nimezaliwa huko huko. Na msinicheke, lakini picha zangu zote za profile nimeziedit.

Basi nikang'arisha. Nikaongeza mwanga, nikatoa kivuli usoni, halafu nikazoom mdomo nikayapausha jino moja moja. Hakuna aliyeniomba. Niliona namfanyia hisani, na hata nilisikia raha.

Siku ya zawadi shuleni, hiyo Ijumaa, nikaalikwa. Kava zilifika asubuhi hiyo hiyo, zikabanwa mbio mbio bila kukaguliwa. Nikapiga pasi shati, nikakaa na wazazi.

Wakesho akaitwa mbele asome makala yake, ile iliyobeba gazeti lote. Kichwa: "Meno Yangu." Wakuu, nilitamani ardhi inimeze. Kumbe ameandika jinsi alivyokuwa akicheka na mkono mdomoni tangu shule ya msingi, na jinsi alivyoamua kuacha. Ile picha ilikuwa ndiyo ushahidi wake.

Wanafunzi wakaanza kugeuza magazeti kutazama kava. Mmoja akauliza kwa sauti, "Wakesho, ulienda kwa daktari wa meno lini?"

Wakaangua kicheko. Yeye akatazama kava, akasoma mistari michache zaidi, kisha akafunika mdomo na kurudi kuketi.

Mwalimu Mghoi alinivuta kando ya ofisi. Nikajitetea, eti si aliniambia ning'arishe. Akasema polepole, "Nilikwambia ung'arishe picha. Sikukwambia umng'arishe mtoto."

Nikaomba nimwone Wakesho. Nikamwambia pole, nikamwambia nitatengeneza kava nyingine yenye picha yake ya kweli. Alinisikiliza huku ananitazama mdomo.

"Kumbe hata wewe, anko," akasema. "Sasa mimi ulinionaje?"

Ukweli ni kwamba nilimwona vile ninavyojiona mimi, na nikaona aibu kwa niaba yake bila kumuuliza kama anayo. Hakuwa nayo. Mimi ndiye niliyempelekea, tena mbele ya shule nzima.

Kava mpya nimeipeleka leo, meno yake vile yalivyo. Mwalimu ameshukuru. Amesema Wakesho ameiangalia, kisha akaiweka kwenye begi.

Somo langu, hasa kwa madesigner wenzangu: mwanga wa picha ni kazi yako, sura ya mtu si yako. Kabla hujafuta kitu usoni mwa mtu, muulize kama kinamsumbua.

Na ninyi mliokunywa maji yetu, niambieni, mnacheka mdomo wazi kwenye picha? Leo nimejaribu mara kadhaa na simu yangu. Zote nimezifuta.