Damu Iliyolazwa Frijini

"Nilikwambia damu yangu isiingie kwenye friji," Fundi alisema kwa mara ya nne, na kikohozi kikamkata katikati kama mara tatu za mwanzo. "Jana nilisimama hapa hapa. Na daktari kaandika kwenye fomu, kwa wino mwekundu."

Mtu wa maabara aliendelea kufuta meza isiyo na uchafu. Akajibu kwamba damu zote hulala frijini, ndio utaratibu tangu alipoajiriwa, na hakuna damu iliyowahi kulalamika.

Fundi alipandwa na mori. Mwanamke huyu, fundi wa cherehani, alizaliwa akikohoa. Shuleni alikohoa mpaka chaki zikaruka ubaoni, na siku ya ndoa yake alikohoa mpaka mfungishaji akasahau bwana harusi ni yupi. Mara tatu alimezeshwa dawa za kifua kikuu asichokuwa nacho. Picha ya kifua ilipoonyesha moyo uko kulia, mpiga picha alidhani ameishika vibaya, akaigeuza.

Daktari wa sasa, mwanamke mfupi asiyecheka, ndiye wa kwanza kumsikiliza moyo upande wa kulia. Alimweleza kwamba mapafuni kuna vinyweleo vinavyofagia makohozi, na vyake vilizaliwa havijui kufagia. Ni ugonjwa wa kurithi, haumwambukizi mtu. Sasa alitaka kuona kama na zile chembe nyeupe za damu, askari wanaokimbilia vijidudu, zinatembea sawasawa au nazo zinaburuta miguu. Lazima ziangaliwe zikiwa hai, hazijapigwa na baridi. Akimaliza, angeandika yote katika barua moja.

Barua hiyo ndiyo iliyoshikilia kazi ya Fundi. Msimamizi wa kiwanda cha sare alishamwondoa kwenye cherehani aliyoishonea miaka kumi na moja, eti anaambukiza wenzake, akampa mpaka leo saa kumi jioni. Asipoileta, cherehani ina mtu mwingine.

"Kwani umeziangalia hizo chembe?" aliuliza wifi yake, aliyekuja kumsindikiza na sasa ameegemea dirisha kama aliyekata tiketi.

Mtu wa maabara akasema ameziangalia asubuhi kwenye darubini. Zimetulia tuli. Basi, ataandika kwamba hazitembei. Akachukua kalamu.

Kikohozi chenyewe kiliogopa, kikanyamaza. Miaka yote hiyo watu wamekuwa wakiugeuza mwili wake ufanane na makosa yao, na huyu naye anataka kuwalemaza askari wake kwa kalamu.

"Ingia wewe," Fundi alisema polepole. "Ingia humo frijini ulale mpaka asubuhi. Nikikutoa, nitakuandika hutembei."

Wifi akamwambia mtu wa maabara asihofu, blanketi ataletewa. Bwana yule hakucheka. Alisema waje wiki ijayo na fomu mpya.

Fundi alizunguka meza, akavuta kiti cha mtu wa maabara, akaketi. Akakunja mkono wa blauzi mpaka begani.

"Toa nyingine. Nitaibeba mwenyewe, kwapani, ikiwa na joto lake, mpaka mezani kwa daktari."

"Mama, bila fomu siwezi kumchoma mtu."

"Fomu ndiyo huu mkono. Na hiyo kalamu iweke chini kabla sijai—"

Mlango ukafunguliwa. Daktari aliingia, akautazama ule mkono ulio wazi, akaitazama kalamu, kisha akaenda moja kwa moja kufungua friji, akaitupa damu ya jana na kuchukua sindano.