Dume la Zizi la Ansbert

Tangu fahali wao ambane mumewe, Ansbert, kwenye lango la zizi na kumvunja mbavu, Kokuberwa hakuwahi tena kumpa mgongo mnyama mwenye pembe. Ansbert alifia hospitalini. Fahali akapelekwa machinjioni Vingunguti, na mjane akabaki Chanika na kundi la ng'ombe wa nyama, majike watupu, wakilia kutwa kwa kutaka dume.

Kuazima nako aliogopa. Jirani yake Jabiri aliwahi kuazima, akaletewa maradhi. Ng'ombe wake wakatupa mimba mmoja baada ya mwingine. Ikabidi Kokuberwa anunue.

Shemeji yake Rogers akampeleka kwa Lusungu, mfugaji wa ng'ambo ya bonde. Madume mawili, jekundu na jeupe, yalikuwa kwenye mazizi yanayopakana. Jekundu lilikuwa na nundu kama kichuguu na mgongo mpana kama meza.

“Shemeji, usiangalie kwingine,” Rogers akasema. “Ndama wa huyu watakuwa na nyama hatari.”

Jekundu likawageuzia ubavu, likainamisha shingo, likaparura udongo kwa kwato. Kokuberwa akarudi nyuma hatua moja. Hivyo hivyo ndivyo lao lilivyokuwa likifanya, na Ansbert akicheka, akisema linajidai tu.

“Hilo hapana.”

“Kwa sababu ya marehemu?”

“Kwa sababu ya mie nitakayebaki nalo wewe ukishaondoka.”

Akaomba kuingia kwa jeupe. Lusungu akatangulia na fimbo. Yeye akafuata. Akalikagua kama mumewe alivyomfundisha: miguu ya nyuma imesimama wima, korodani kubwa na zinalingana, macho hayatoi machozi. Alipoweka kiganja kwenye nyonga ya jeupe, jekundu likaupiga ua uliotenganisha mazizi. Ubao ukapasuka kwa kishindo, pembe ikatokeza.

“Mama, usikimbie!” Lusungu akapiga kelele.

Kokuberwa akabaki pale pale. Jeupe likashtuka, likampita karibu kiasi cha kumpaka vumbi la manyoya, likaenda kujibanza konani, likihema. Halikumgusa. Lusungu akalikimbilia jekundu, akalirudisha nyuma kwa fimbo na matusi. Rogers alikuwa keshafika kwenye gari.

Kokuberwa alitoka ameloa jasho. “Nalichukua hili,” akasema. “Ila daktari wa mifugo alipime damu kwanza.”

Damu ilikuwa safi. Dume likaja Chanika, na baadaye ndama wakaanza kuzaliwa, wapole, wenye mapaja manene. Watu wakamwambia sasa atapumua.

Hakupumua. Analilisha akiwa nje ya ua, na analisemesha kwa upole kama mgeni asiyejua ataondoka lini. Juzi asubuhi alilikuta limelala kizingitini kabisa mwa lango la zizi, linacheua. Alisimama na ndoo ya maji mkononi mpaka jua likapanda, asithubutu kuliambia lisogee.