Dole Gumba la Baba

Dole gumba la kushoto la baba yangu nalijua kuliko ninavyoujua uso wake. Hakusoma, na tangu nikiwa darasa la nne mimi ndiye niliyemshika mkono alipoweka alama kwenye karatasi za kuuzia pamba. Nililibonyeza kwenye wino, nikalikandamiza kwenye karatasi, kisha nikalifuta kwa kitambaa. Shoka lilimwachia kovu katikati, na kila alama yake ilikatwa na mstari mweupe.

Kiwanda cha nguo nilikofanya kazi kilipouzwa kwa mtu binafsi, tulipunguzwa. Sikulia sana. Nilikuwa na kiwanja Nyegezi, karibu na ziwa, ambacho baba alinigawia mbele ya ukoo mzima ingawa mimi ni mwanamke. Nikaenda na panga nikafyeke. Nikakuta mafundi wanajenga ghala la samaki.

Mwenye ghala alinionyesha hati ya mauziano. Ilikuwa na jina la baba, muhuri wa mtaa, na chini yake dole gumba zima, halina kovu. Shahidi alikuwa mdogo wangu wa kiume, niliyembeba mgongoni mpaka akajua kutembea.

Polisi waliniambia huko ni kughushi, ni jinai, na mtu hufungwa. Neno kufungwa lilifika nyumbani kabla yangu.

Siku ya kutoa maelezo kituoni baba alikuja na koti lake la kanisani. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia akitazama ukuta. Askari alimsomea hati, akamuuliza kama alama ile ni yake.

"Ni yangu," alisema baba. "Huyu binti ana hasira za kuachishwa kazi."

Nilimwomba askari amwambie aweke alama nyingine pale pale. Baba akauliza kama siku hizi wazee wanapimwa kama wezi. Mkono wake wa kushoto ulikuwa mfukoni, na haukutoka. Askari akafunga jalada, akanionya kwamba kutoa taarifa za uongo nako ni kosa.

Mdogo wangu aliniibia kiwanja. Hilo ningelimeza. Baba ndiye aliyenifanya mwongo, na sijamsamehe.

Msimu uliofuata alituma mtu aniite, karatasi za pamba zimefika, nikamshike mkono. Nilimjibu amwite mwanawe, kidole anacho.